Shujaa ni Nani?

Yako maneno ambayo watu wote wanayatumia lakini ni wachache wanaoyapima. Moja la maneno hayo ni shujaa. Hapa kwetu Bukavu twalisikia kila siku. Mchezaji akifunga bao, huitwa shujaa. Mtu akijibizana na askari barabarani bila kutetemeka, wenzake humwita shujaa. Kijana akishika bunduki na kuingia porini, wapo watakaomwita shujaa na wapo watakaomwita mnyang'anyi, kadiri ya kijiji utakachokiuliza. Tena mtu mwenye cheo akifa, hata kama maisha yake tuliyajua vingine, hotuba zote kaburini zitasema kwamba shujaa ametutoka.

Je, hilo ni jambo dogo? Hata kidogo! Mtoto hafuati mafundisho yetu tu. Huwafuata zaidi watu tunaowasifu mbele yake. Tukimpa mtu mkali jina la shujaa, tumekwisha kumwonyesha mtoto njia, hata kama jioni twamfundisha njia nyingine. Nasi twaishi Kivu, nchi ambayo vita imepita na kurudi mara nyingi tangu mwaka 1996, na Februari 2025 ikaingia tena mjini mwetu. Katika nchi ya namna hii, kulikosea neno hili kwaweza kumgharimu mtu uhai, wake mwenyewe au wa jirani yake. Basi tulichungue polepole: limetoka wapi, lina maana gani, na ni nani anayestahili kuitwa hivyo.

Asili ya neno

Shujaa ni neno la Kiarabu. Liliingia katika Kiswahili kwa njia ya pwani, kisha likapanda bara pamoja na misafara ya biashara. Kwa Waarabu maana yake ni mtu mwenye moyo thabiti vitani. Lakini neno lilo hilo kwao ni jina la nyoka wa namna fulani pia. Hapo tayari twapata onyo: ukali peke yake hata wanyama wanao.

Ndugu ya neno hilo ni jasiri, nalo ni la Kiarabu. Herufi za mzizi wake ndizo zile zile za neno lao la daraja. Jasiri basi ni mtu anayethubutu kuvuka, wengine wakibaki ng'ambo.

Lipo neno la tatu ambalo watu hulichanganya na hayo mawili, nalo ni jeuri. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya udhalimu, yaani kuiacha haki. Mwenye jeuri naye haogopi, naye hupaza sauti, naye husonga mbele. Kwa nje amefanana na shujaa kama pacha na pacha mwenzake. Ndiyo sababu twahitaji kipimo cha kuwatenganisha.

Wazungu wao hutumia neno walilolirithi kwa Wayunani wa kale, ambalo Wafaransa huliandika héros. Katika tenzi za Homer, neno hilo lilikuwa jina la wakuu wa vita. Baadaye Wayunani waliwaita hivyo wafu mashuhuri ambao watu walipeleka sadaka makaburini mwao, na mshairi Hesiod aliwahesabu kuwa nusu watu, nusu miungu. Kwa hiyo Wakristo wa kwanza walilionea neno hilo mashaka. Mtakatifu Augustino, katika kitabu chake juu ya Mji wa Mungu, asema kwamba kama desturi ya usemi wa Kanisa ingeruhusu, ingefaa kuwaita mashahidi wa dini mashujaa wetu. Naye aeleza kwamba jina hilo lilisemwa kuwa limetokana na Hera, mungu mke wa Wayunani. Siku zilivyokwenda Kanisa likalipokea neno, ila likalibadili moyo. Leo, kabla mtu hajatangazwa Mwenye Heri kwa ajili ya maisha yake mema, huchunguzwa kwanza kama aliziishi fadhila kwa kiasi cha kishujaa. Katika karne ya 18 Papa Benedikto wa 14 aliandika kwa urefu sana juu ya uchunguzi huo. Hapo hapaulizwi mtu amewashinda wangapi. Huulizwa kama alipenda, kama alitenda haki, kama alistahimili, na kama alidumu katika hayo hadi mwisho.

Wala tusidharau lugha za nyumbani. Katika familia za Bushi utawakuta watoto waitwao Ntwali, na Warundi humwita mtu shujaa intwari. Masikioni neno hilo li karibu sana na kitenzi chao gutwara, ambacho maana yake ni kuchukua mzigo, tena kutawala. Hatusemi kwamba tumemaliza habari ya asili yake. Lakini wazo linalokuja ni jema. Shujaa ni mwenye kubeba.

Je, shujaa haogopi?

Watu wengi hudhani kwamba ushujaa ni kutokuwa na hofu. Tufikiri kidogo. Mlevi haogopi. Mtoto mchanga asiyejua moto haogopi. Mwenye hasira haogopi mpaka hasira ipoe. Je, hao ndio mashujaa? Mwalimu Aristotle alikwisha kufundisha, zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, kwamba ushujaa umesimama katikati: upande mmoja upo uoga, na upande wa pili upo ule upumbavu wa kujitosa hatarini pasipo sababu. Shujaa huogopa yapasayo kuogopwa. Ila hofu yake haimtawali.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliendelea mbele zaidi. Tulipojifunza katekisimu tulizitaja fadhila nne zilizo mhimili wa nyingine: busara, haki, nguvu na kiasi. Sasa, tendo kubwa la fadhila ya nguvu ni lipi? Kushambulia au kustahimili? Tomaso ajibu: kustahimili. Naye atoa sababu tatu. Kwanza, anayeshambulia hujiona mwenye nguvu zaidi, lakini anayestahimili huwa amekabiliwa na mwenye kumzidi. Pili, anayeshambulia huiona hatari bado iko mbele. Anayestahimili imekwisha kumfikia. Tatu, kushambulia ni jambo la dakika, lakini kustahimili ni jambo la muda mrefu.

Mwenye kutaka kulielewa fundisho hili asiende mbali. Awatazame akina mama wa mji huu wanaobeba magunia kutoka ufukoni mwa ziwa na kupanda milima hadi soko la Kadutu, kamba ikiwakaza kwenye paji la uso, kwa ajili ya karo na unga wa jioni. Hakuna anayewapigia ngoma. Lakini kesho watapanda tena, na kesho kutwa tena.

Methali moja na maana zake mbili

Waswahili husema: Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Methali hii wazee huitumia kumwonya kijana mwenye kichwa moto: mwoga anarudi nyumbani mzima, watu wake wanacheka, shujaa anarudishwa juu ya machela, watu wake wanalia. Basi nyamaza, mwanangu, uishi.

Je, mzazi asemaye hivyo amekosea? Tusimhukumu upesi. Uhai ni zawadi ya Mungu, wala si mali ya kutupwa. Bwana Yesu mwenyewe aliwaambia wanafunzi wake kwamba wakiteswa katika mji mmoja wakimbilie mji mwingine. Mtakatifu Paulo aliteremshwa ukutani ndani ya kapu ili aokoke kule Damasko. Kwa hiyo kukimbia si dhambi kwa jina lake, na maelfu ya watu wa Kivu waliofunga mizigo usiku na kuondoka na watoto wao hawakufanya uoga. Walitimiza wajibu wa wazazi.

Lakini methali hiyo ina maana ya pili, nayo twaomba wasomaji waipime pamoja nasi. Yasema kwamba kwa shujaa huenda kilio. Kwa shujaa mwenyewe! Hasemwi jirani. Shujaa hulipa gharama ya tendo lake nyumbani kwake. Na mwenye jeuri je? Kilio chake kinakwenda kwa wengine. Anapita kijijini kwa kishindo, na nyuma yake nyumba ishirini zinalia, naye hajalia. Basi kipimo ndicho hiki: usitazame mtu amepiga kelele kiasi gani, wala amekabili hatari ngapi. Tazama kilio kinakwenda kwa nani.

Watu wa pwani husimulia habari za Fumo Liyongo, mtu mwenye nguvu za ajabu aliyeogopwa na mtawala wa Pate. Hakuuawa na jeshi. Alichomwa kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe aliyekuwa ameahidiwa zawadi. Liyongo akashika upinde wake, akaenda kisimani, akapiga goti na kufa akiwa hivyo, mshale tayari. Watu wa mji wakashindwa kuteka maji siku nyingi, maana walidhani yu hai. Ni hadithi kubwa, na moyo wake ulikuwa mkubwa. Walakini tuone: shujaa wa namna hiyo hujulikana kwa kuogopwa, hata akiwa maiti. Sasa twende kwa shujaa mwingine, ambaye hakuogopwa na mtu.

Aliyebaki Bukavu

Christophe Munzihirwa alizaliwa Bushi mwaka 1926. Alipewa upadri mwaka 1958, na mwaka 1963 akaingia shirika la Wayezuiti. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliwalazimisha wanafunzi wa chuo kikuu mjini Kinshasa kuingia jeshini. Padri Munzihirwa, aliyekuwa akiwahudumia, aliomba aandikwe pamoja nao ili asiwaache peke yao. Hapo mwanzoni tayari twamwona alivyokuwa.

Mwaka 1994 akawa Askofu Mkuu wa Bukavu. Mwaka uo huo, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, mamia ya maelfu ya wakimbizi walivuka mpaka na kujaa Kivu. Aliwatetea wasio na mtetezi, akakemea chuki ya kabila kwa kabila, akaandika na kupiga kelele ili mataifa yasikie. Oktoba 1996 vita ikaukaribia mji. Wakubwa wa serikali na wa jeshi wakakimbia. Askofu akabaki. Jioni ya tarehe 29 Oktoba gari lake lilisimamishwa na askari pale Nyawera. Akashuka, msalaba mkononi, akawaendea. Wakamwua. Maiti yake ililala barabarani hadi kesho yake.

Wapo waliouliza: kwa nini hakukimbia, na nafasi alikuwa nayo? Swali hilo ni la zamani. Katika karne ya 5, Wavandali walipoivamia Afrika ya Kaskazini, askofu mmoja jina lake Honoratus alimwuliza Mtakatifu Augustino kama wachungaji waweza kukimbia. Augustino alimjibu kwa barua ndefu. Kwa ufupi afundisha hivi: ikiwa anatafutwa mtu mmoja tu, na wako wengine wa kuwahudumia waamini, huyo aende zake salama. Lakini hatari ikiwa ya wote, na wapo wasioweza kukimbia, basi mchungaji asiwanyime huduma wale wanaomhitaji. Augustino mwenyewe alikufa katika mji wake wa Hippo mwaka 430, adui wakiuzingira.

Twaona basi kwamba swali la ushujaa haliulizi, "Je, waogopa?" Lauliza, "Ukiondoka, unamwacha nani?" Mama akiondoka na watoto wake, hamwachi mtu. Mchungaji akiondoka peke yake, amewaacha wote.

Ofisini pia kuna ushujaa

Labda msomaji atasema, "Hayo ni mambo ya maaskofu. Mimi ni karani tu." Haya, tumsikilize karani mmoja. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alisoma sheria, akaajiriwa katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Kazi yake ilikuwa kuangalia kama chakula kinachoingia nchini kinafaa kuliwa. Wakamletea fedha ili apitishe chakula kilichooza. Akakataa. Wakarudia, akakataa. Julai 2007 akatekwa, akateswa, akauawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri mjini Roma.

Hebu tutumie kipimo chetu. Kama angezipokea zile fedha, kilio kingekwenda kwa nani? Kingekwenda kwa mama fulani wa mtaa fulani, ambaye mtoto wake angeumwa tumbo usiku na asijue kamwe sababu yake. Kingetawanyika katika nyumba mia, kila nyumba ikilia peke yake, na hakuna ambaye angemtaja Floribert. Mshahara ungeongezeka, kicheko kingekuwa nyumbani mwake. Yeye alichagua kilio kisiende huko. Mwana wa Liyongo alipoahidiwa zawadi alimtoa baba yake. Kijana huyu aliwakinga watu asiowajua hata kwa sura.

Deni letu

Hapa lipo shaka moja ambalo hatuwezi kulifumbia macho. Tumesema kwamba shujaa hulipa mwenyewe. Lakini je, alilipa peke yake? Kila shujaa ana mama. Wengine wana mke na watoto. Hao hawakuulizwa, na kilio kimewafikia. Je, ni haki kumsifu mtu kwa kitendo kilichowaachia wengine majonzi?

Twajibu hivi. Hakuwatupia majonzi hayo kama mwenye jeuri anavyofanya. Walioua ndio walioyaleta. Hata hivyo majonzi yapo, na hapo ndipo wajibu wetu unapoanzia. Methali yasema kilio huenda. Basi na sisi twende nacho. Haifai kumwita mtu shujaa katika hotuba, kisha kumwacha mjane wake auze kitanda. Jina la shujaa si zawadi ya bure ambayo wasemaji humpa marehemu. Ni hati ya deni, na wanaodaiwa ni sisi tuliobaki.

Tena wajibu huo waanza kabla ya msiba. Baada ya Munzihirwa, kiti cha Bukavu alipewa Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko. Februari 2000, watawala wa wakati ule, walioshika mji kwa silaha, walimwondoa kwa nguvu na kumpeleka Butembo kwa sababu ya maneno yake. Watu wa Bukavu hawakunyamaza. Walidai mchungaji wao arudishwe, na Septemba ya mwaka uo huo akarudi. Alifariki Roma mwezi uliofuata. Lakini alikuwa amerudi! Yaonyesha kwamba mzigo ukibebwa na wengi, haumvunji mmoja mgongo.

Fikirini jambo hili, wasomaji wapenzi. Karani mmoja akikataa hongo mahali ambapo mia wanaipokea, atauawa, maana yeye ndiye kizuizi peke yake. Makarani mia wakikataa siku moja, nani atauawa? Hakuna. Siku hiyo hawatakuwa mashujaa hata kidogo. Watakuwa watu waliofanya kazi yao. Nchi inayohitaji mashujaa wengi ni nchi ambayo watu wa kawaida wameacha wajibu wa kawaida, na uzito wote ukawaangukia wachache.

Kwa hiyo, kabla ya kutamka neno shujaa mbele ya watoto wetu, tujiulize maswali matatu:

1. Mtu huyu alifanya kwa ajili ya nani?

2. Kilio cha tendo lake kilikwenda kwa nani?

3. Je, angewaacha nani kama angekimbia au angenyamaza?

Majibu yakiwa mema, tumwite shujaa bila kusita, hata kama ni mama mwenye kamba kichwani ambaye jina lake halijaandikwa popote. Majibu yakiwa mabaya, tumnyime jina hilo, hata kama ana bunduki na wapambe wanaomwimbia. Na tukishawajua walio mashujaa kweli, tusiishie kuwasifu. Tushike ncha nyingine ya mzigo wao, kila mtu pale alipowekwa: dukani, shuleni, ofisini, shambani. Ndivyo tutakavyofanya kilio kipungue kwao, kisihamie kwa jirani.